GDS, PHQ-9 au Cornell: kuchagua kipimo cha sonona kwa mkazi wa makao ya wazee

Katika makao ya wazee ya Marekani, ambako Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wengi wamepata kazi ya uuguzi au ya usaidizi wa muuguzi, swali la kama mzee ana sonona haliachiwi hisia za mtu mmoja. Mkazi wa makao yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, hupimwa anapoingia, kisha hupimwa tena takriban kila miezi mitatu, na majibu huandikwa katika sehemu D ya fomu ya tathmini iitwayo MDS. Fomu hiyo imechagua kipimo kimoja, PHQ-9, lakini haimzuii muuguzi, daktari wala mfanyakazi wa ustawi wa jamii kutumia kingine pale ambapo hicho hakimfai mzee aliye mbele yake. Vingine viwili vinavyojulikana sana katika kazi hii ni GDS, ambacho ni kipimo cha sonona kilichotungwa kwa ajili ya wazee, na kipimo cha Cornell, kilichotungwa kwa ajili ya watu wenye dimenshia, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Ninatumia neno sonona, ambalo limezoeleka zaidi Tanzania. Msomaji wa Kenya huenda amezoea unyogovu au mfadhaiko. Jambo ni lile lile: huzuni au kukosa raha kunakodumu kwa wiki nyingi, kunakomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na sababu ya kuamka asubuhi.

Mara nyingi vipimo hivi hulinganishwa kwa idadi ya maswali na dakika vinavyochukua. Mambo hayo yana uzito wake kwa mtu mwenye wakazi ishirini kwenye zamu moja, lakini kwa maoni yangu hayapaswi kutangulia. Kinachotangulia ni kujua nani anaweza kutoa ushahidi. GDS humuuliza mzee peke yake. PHQ-9 humuuliza mzee, na akishindwa kuna toleo lake linalowauliza wahudumu. Cornell huwauliza wote wawili, na uzito mkubwa huuweka kwa anayemhudumia. Ukimpa mzee kipimo kinachotegemea ushahidi asioweza kuutoa, utapata alama ndogo na utaandika kwamba hana tatizo, kumbe hakuna aliyempima.

Mzee anayeweza kujieleza: GDS na PHQ-9

GDS ilitungwa na Jerome Yesavage na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa na maswali 30. Mwaka 1986 Sheikh na Yesavage walitoa toleo fupi la maswali 15, na hilo ndilo linalotumika sana leo. Kila swali hujibiwa kwa ndiyo au hapana, na mzee huulizwa alivyojisikia katika wiki iliyopita. Maswali 10 huhesabiwa pale jibu linapokuwa ndiyo, na 5 huhesabiwa jibu linapokuwa hapana, kama lile linaloulizwa mwanzo kabisa, kama mtu ameridhika na maisha yake. Alama zikifika 5 au kuzidi, mzee anastahili kuchunguzwa zaidi. Zikifika 10, mara nyingi sonona ipo kweli. Kazi yote huchukua dakika tano hadi saba, na kipimo hakilipiwi.

PHQ-9 ni ya mwaka 2001, kazi ya Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, nayo pia hutumika bila malipo. Ina maswali 9 yanayofuata dalili 9 ambazo madaktari huzitumia kutambua sonona kubwa, na huangalia wiki mbili zilizopita. Mzee hatakiwi kusema ndiyo au hapana tu. Anatakiwa kukadiria ni siku ngapi dalili ilimpata, na kila dalili hupewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla inaweza kufika 27. Katika MDS siku hizo zimewekewa mipaka: siku 2 hadi 6 ni alama 1, siku 7 hadi 11 ni alama 2, na siku 12 hadi 14 ni alama 3. Jumla ya 5 huonyesha sonona nyepesi, 10 ya kati, 15 iliyokaribia kuwa kali, na 20 au zaidi kali. Tangu Oktoba 2023 MDS huanza na maswali mawili ya kwanza, la kukosa hamu ya mambo na la huzuni. Mzee ambaye hayo mawili hayakumpata kwa siku 7 au zaidi, mahojiano yake huishia hapo.

Tofauti kubwa kati ya vipimo hivi viwili iko mwilini. GDS ya maswali 15 haiulizi usingizi, haiulizi chakula, na kuhusu nguvu za mwili ina swali moja tu. Huuliza utupu, kuchoshwa, kukata tamaa, kujiona huna thamani. PHQ-9 kwa upande wake huuliza usingizi, nguvu, hamu ya kula, umakini na mwendo wa mwili, maana yake maswali matano kati ya tisa yanaweza kujibiwa na ugonjwa mwingine kabisa. Tuchukue mkazi mwenye moyo uliodhoofika na ugonjwa wa Parkinson, aliyeulizwa maswali yote tisa. Halali vizuri kwa sababu ya kukosa pumzi, na hiyo ni alama 3. Amechoka kila siku, alama 3. Dawa zimemkata hamu ya kula kwa zaidi ya nusu ya siku hizo 14, alama 2. Mwili wake unakwenda polepole kiasi cha watu kuona, alama 3. Jumla imefika 11, naye huenda moyoni mwake hana huzuni yoyote. Kwa mzee wa namna hii, aliye na akili timamu lakini mwili uliojaa maradhi, ningechukua GDS kwanza.

Hata hivyo hoja hiyo ina upande wa pili ambao sitaki upite bila kusemwa, kwa kuwa ndio unaowaumiza wazee zaidi. Ni rahisi mno kusema kila dalili ni ya uzee au ya moyo. Mzee aliyeacha kula anaweza kuwa na moyo mbovu na sonona kwa wakati mmoja, na maradhi ya muda mrefu huandamana na sonona mara nyingi. Ndiyo maana PHQ-9 huagiza kuandika dalili jinsi ilivyo bila mwulizaji kuamua chanzo chake. Kazi ya kutafuta chanzo inakuja baadaye, na ni ya daktari. Anayepunguza alama kimoyomoyo kwa sababu "anajua" ni presha tu, amekivunja kipimo.

PHQ-9 pia ina kitu ambacho GDS ya maswali 15 haina: swali la tisa, linalouliza waziwazi kuhusu mawazo ya kwamba ni heri kufa au ya kujidhuru. GDS huukaribia mlango huo kwa kuuliza kama mtu anaona ni jambo jema kuwa hai sasa, kisha huondoka. Mtu anayetumia GDS anapaswa kuongeza swali la kifo kwa kauli yake mwenyewe. Kumwuliza mtu kuhusu kifo hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza.

Udhaifu mwingine wa GDS ni kwamba ilitungwa kwa wazee wanaoishi majumbani. Kuna swali linalouliza kama mtu anapenda kukaa nyumbani kuliko kutoka na kufanya mambo mapya. Kwa mkazi ambaye hawezi kutoka bila kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na ambaye nyumba yake imeuzwa ili kulipia chumba alichomo, swali hilo halipimi chochote na linaweza kumchoma. Nchini Uingereza lilitengenezwa toleo la maswali 12 kwa ajili ya wakazi wa makao, kwa kuondoa maswali yasiyoendana na maisha ya humo, na pale linapopatikana ningelichagua kabla ya lile la 15.

Basi kwa mzee anayejieleza, chaguo halihitaji mvutano mrefu. Makao yanayotumia MDS yatatumia PHQ-9 kwa vyovyote, na kipimo hicho ni kizuri hasa kwa kufuatilia maendeleo, kwa kuwa alama zake hupanda na kushuka kwa ngazi. Mzee anayechoshwa na kuhesabu siku, anayesema "aa, wakati mwingine tu" kwa kila swali, au aliye na maradhi mengi ya mwili, aongezewe GDS. MDS huruhusu kumwonyesha mzee kadi yenye majibu yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, na kadi hiyo husaidia kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kuanza, hakikisha kifaa cha masikio kimewashwa na miwani imefutwa, kwa sababu mzee asiyesikia vizuri huitikia kwa kichwa kila anachoulizwa.

Mzee ambaye maneno yamemtoka

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, na ndipo makosa mengi yanapofanyika. Wakazi wengi wa makao ya wazee wana dimenshia ya kiwango fulani. GDS huendelea kuaminika kwa mwenye dimenshia nyepesi hadi ya kati; watafiti wengi huweka mpaka kwenye alama 15 kati ya 30 za kipimo cha akili cha MMSE. Chini ya hapo mzee hakumbuki wiki iliyopita, na mara nyingi hajui kwamba amebadilika, hivyo atajibu kwa upole kwamba hana neno. PHQ-9 huenda mbele kidogo, kwa kuwa MDS huagiza kila mkazi anayeeleweka walau wakati mwingine ajaribiwe kwanza yeye mwenyewe kabla ya kuwaendea wahudumu. Naliunga mkono agizo hilo kwa moyo wote. Watu wenye dimenshia husemewa mno, na wengi wao wanaweza kukwambia wazi kwamba wana huzuni hata pale wasipojua ni siku gani.

Mzee asipoweza kumaliza mahojiano, MDS huhamia PHQ-9-OV, toleo linalowauliza wahudumu. Lina maswali yale yale 9 yakitazamwa kwa macho ya mhudumu, na limeongezewa la 10 kuhusu hasira za haraka na kukereka, kwa kuwa sonona ya mwenye dimenshia mara nyingi huvaa sura ya ukali kuliko ya machozi. Jumla yake hufika 30. Ni la haraka, na hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wake kwa pamoja. Linaweza kujazwa mezani na mtu mmoja aliyemwona mkazi kwa zamu mbili tu, na fomu itakubali.

Cornell hairuhusu wepesi huo. Kilichapishwa mwaka 1988 na George Alexopoulos na wenzake, kikiwa na vipengele 19 katika makundi matano: hali ya moyo, tabia, dalili za mwili, mizunguko ya siku na usingizi, na mawazo. Kila kipengele hupewa 0 kama dalili haipo, 1 kama ni nyepesi au ya kuja na kuondoka, 2 kama ni kali, na kuna nafasi ya kuandika kwamba haikuweza kupimwa. Mpimaji huongea kwanza na mhudumu kwa takriban dakika 20, kisha huongea na mzee mwenyewe kwa takriban dakika 10, na pale ushahidi unapopingana hurudi kwa mhudumu kuuliza tena. Alama zaidi ya 10 huonyesha kwamba sonona kubwa huenda ipo, na zaidi ya 18 kwamba ipo kwa hakika.

Kinachonifanya nikithamini kipimo hiki ni umbo la maswali yake. Kinauliza kama uso unachangamka jambo zuri linapotokea, kama mzee ni mbaya zaidi asubuhi, kama huchelewa kupata usingizi, huamka katikati ya usiku au huamka kabla ya kupambazuka. Kinauliza kama amepungua uzito, na kupungua zaidi ya kilo mbili na robo hivi kwa mwezi mmoja ni alama 2. Kinauliza kama amepoteza hamu ya shughuli, lakini kwa sharti kwamba mabadiliko hayo yametokea ghafla, ndani ya mwezi mmoja. Sharti hilo dogo lina kazi kubwa. Dimenshia yenyewe humfanya mtu awe baridi, akae bila kuanzisha lolote, bila huzuni na bila furaha. Hali hiyo huja polepole kwa miezi na miaka. Sonona huja kwa haraka zaidi, na huja na kilio, na wasiwasi, na maneno kama "mimi ni mzigo". Tena, mpimaji huagizwa asitoe alama kwa dalili inayotokana na ulemavu au ugonjwa wa mwili, jambo ambalo PHQ-9 huliacha makusudi kwa hatua ya baadaye.

Majibu ya maswali haya anayo msaidizi wa muuguzi: yule anayemwogesha mzee, anayejua kwamba tangu wiki iliyopita anageuza uso ukutani binti yake anapopiga simu, na hasa yule wa zamu ya usiku, ambaye peke yake anajua saa ngapi macho hufunguka. Wengi wa wasaidizi hao ni watu wetu, na nimeona mara nyingi jinsi wanavyojiona hawana la kusema kwa sababu kalamu iko kwa mwingine. Ikiwa makao yenu yanatumia Cornell, kaa na msaidizi aliyemhudumia mzee kwa wiki nzima, mahali ambapo kengele za vyumba hazimwiti, na umpe dakika hizo 20 bila kumharakisha. Pasipo mtu wa namna hiyo, kwa mfano pale ambapo wahudumu wanaoletwa na wakala wa ajira hubadilika kila siku, Cornell hupoteza thamani yake, na afadhali kumwuliza ndugu anayemtembelea mara kwa mara.

Kuna hatari moja ambayo PHQ-9 na Cornell zimewahi kushiriki: alama kuingia katika hesabu ya fedha. Katika mfumo wa malipo wa Medicare ulioanza Oktoba 2019, jumla ya 10 au zaidi katika sehemu D inaweza kubadilisha kiwango ambacho makao hulipwa kwa baadhi ya wakazi. Nchini Australia, alama za Cornell zilikuwa sehemu ya tathmini ya ufadhili ya ACFI tangu mwaka 2008 hadi ilipobadilishwa mwaka 2022. Alama ikishakuwa na bei, yeyote anayeijaza anaweza kuishia kujaza kwa ajili ya ofisi ya hesabu, akisahau kumpelekea daktari. Uliza katika makao yenu: mkazi aliyepata 12 mwezi uliopita, nani aliarifiwa, na nini kilifanyika?

Mzee anayezungumza Kiswahili

MDS huuliza lugha anayoipenda mkazi na kama anahitaji mkalimani, na mahojiano yanapaswa kufanywa kwa lugha hiyo. Wazee wa Kikongo waliokuja Marekani kama wakimbizi, na wazazi waliofuata watoto wao, wameanza kuonekana katika makao haya. PHQ-9 ya Kiswahili ipo na imechunguzwa Kenya, kwa hiyo hakuna sababu ya mhudumu kutafsiri papo kwa papo kichwani mwake.

Tafsiri nzuri haitoshi, lakini. Mzee wa Kiswahili ukimwuliza hali, hujibu nzuri. Atajibu nzuri akiwa msibani, na ataongeza kwamba anamshukuru Mungu, kwa kuwa hiyo ndiyo adabu, na kulalamikia maisha ni kama kumlalamikia Mwenyezi. Swali la GDS la kuridhika na maisha humpata mahali hapo hapo, na jibu lake huwa la heshima kabla halijawa la ukweli. Kwa sababu hiyo, kwa mzee wetu napendelea PHQ-9, inayouliza jambo moja moja na siku zake, na ningeanza na yale ya mwili yasiyomwaibisha, kisha nirudi kwenye ya moyo, lau mpangilio wa fomu ungeniruhusu. Kwa kuwa hauruhusu, natumia mazungumzo ya awali: shikamoo, habari za usingizi, habari za chakula, na hapo ndipo husikia "nina mawazo mengi" au "moyo mzito". Maneno hayo mawili yana uzito kuliko neno sonona, ambalo wazee wengi hawalijui. Aidha, usimfanye mjukuu kuwa mkalimani. Hakuna bibi atakayemwambia mjukuu wake, kwa swali la tisa, kwamba anatamani asiamke kesho.

Kwa makazi ya wazee ya nyumbani kwetu, kama Nunge huko Kigamboni au Welezo na Sebleni za Zanzibar, hakuna fomu ya MDS inayomlazimisha mtu. Anayetaka kuanza kupima huko angefanya vizuri kuchukua PHQ-9 ya Kiswahili kwa wanaojieleza, na Cornell kwa wasiojieleza. Katika makazi ya namna hiyo mhudumu mmoja anaweza kukaa na wazee wale wale kwa muda mrefu, na ushahidi wa mtu huyo ni hazina ambayo makao mengi ya Marekani hayana.

Alama ikishapatikana

Hakuna kati ya vipimo hivi kinachothibitisha sonona. Vyote humchuja anayehitaji kuangaliwa. Jibu la ndiyo kwa mawazo ya kifo hupelekwa kwa muuguzi mkuu na daktari siku hiyo hiyo, na mzee haachwi peke yake wakati hilo linashughulikiwa, hata kama jumla ni 4. Mabadiliko yaliyotokea kwa siku mbili au tatu, mzee akawa amezubaa na kulala mchana kutwa, yatazamwe kwanza kama maambukizi, dawa mpya au upungufu wa maji, kwa sababu hayo hufanana na sonona na huua haraka. Daktari ataangalia tezi ya shingo, vitamini B12, maumivu yasiyotibiwa, na orodha ya dawa.

Kwa mwenye dimenshia, mhudumu asidhani kwamba alama kubwa inamaanisha kidonge moja kwa moja. Jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011, likihusisha watu 326 wenye ugonjwa wa Alzheimer na sonona, halikuona sertraline wala mirtazapine, dawa mbili za sonona, ikishinda kidonge kisicho na dawa. Dawa hizi zina nafasi yake kwa baadhi ya watu, lakini kwa wazee zinaweza kuongeza kuanguka na kushusha chumvi ya damu, hivyo kutibu maumivu, kumtoa nje kwenye jua na kumrudishia shughuli aliyoipenda kunastahili kuanza mapema.

Na kwa kuwa alama za kipimo kimoja hazibadilishwi kuwa za kingine, mkazi abaki na kipimo kile kile kila anaporudiwa. Kumbukumbu zake zinapoanza kumwacha, usisubiri siku atakaposhindwa kabisa kujibu: mpime kwa PHQ-9 na Cornell katika wiki moja, uandike zote mbili katika jalada lake, ili muuguzi atakayemkuta miezi sita baadaye, akiwa hazungumzi tena, ajue alikuwa wapi.